Nafasi ya Dirishani

Asubuhi moja ya Februari, sakafu ya darasa la juu ilikataa kulowa mahali pamoja.

Katika Shule ya Taifa ya Baleti ya Zaborsk, sakafu humwagiliwa kabla ya somo kama bustani. Msichana wa zamu huchukua chombo cha bati chenye mdomo wa matundu, akazunguka nacho akinyunyiza, mbao zikanywa kidogo, viatu visiteleze. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Glafira, binti mrefu mwenye mdomo usiofungika, naye alikuwa amekwisha maliza pale mwalimu wake, Rimma Gavrilovna, alipoingia, akavua shali, akatazama chini.

"Umeruka pale."

"Wapi, Rimma Gavrilovna?"

"Dirishani, mwisho wa ufito. Au pale tunangoja theluji iingie yenyewe?"

Glafira akaenda, akainamisha bati. Maji yakatiririka, yakafika, yakasita, yakapita kando. Pakabaki pakavu palepale: nyayo mbili, kisigino kimegusa kisigino, vidole vya huku vimeelekea ukuta wa huku na vya kule ukuta wa kule. Ndio mkao wa kwanza, ule anaofundishwa mtoto siku anayofika shuleni, na ambao wengi hustaafu bila kuupata sawasawa. Nyayo hizi ziliupata sawasawa. Ungeweza kuziwekea rula.

"Chini panapita bomba la maji ya moto," alisema Rimma. "Linakausha. Haya, kila mtu mahali pake."

Bomba la moto lilipita upande wa pili wa chumba, na yeye alijua hivyo vizuri kuliko fundi.

Rimma Gavrilovna alikuwa mtu wa kushuku, na si kwa kupenda. Ukikaa katika baleti umri wako wote halafu ukawa bado unaamini watu, basi hukukaa, ulipita tu. Alikwisha ona utepe wa kiatu uliokatwa nusu kwa wembe. Alikwisha ona mama mzazi akimletea mtoto wa mwenzake keki ya siagi wiki ya kupimwa uzito, tena kwa tabasamu. Kwa hiyo hakufikiria majini wala mapepo. Alifikiria nta ya mshumaa, na msichana mwenye muda wa kuchezea.

Feliks Adamovich, mpiga piano, akaanza kupiga, na wasichana wakajipanga kando ya ule ufito wa mbao uliopigiliwa ukutani, kila mmoja ameuwekea mkono wa kushoto. Waliojaliwa husimama katikati, mahali macho ya wageni yanapoangukia. Wasiojaliwa husukumwa pembeni. Aliyesukumwa hadi dirishani alikuwa Ustinya, binti wa dereva wa trekta la magogo kutoka msituni kaskazini, mwenye moyo mkubwa na nyonga ngumu kama bawaba za jela. Walimwita Gunia. Baada yake palikuwa na nafasi tupu, kwa kuwa aliyekuwa akisimama hapo alirudishwa kwao Mwaka Mpya. Kila mtu alijua kwamba mtihani wa mwezi wa tano ungemrudisha Ustinya naye. Rimma alimpenda, jambo ambalo hakulisema kwa sababu halisaidii.

Akaanza kupita. Pale shuleni mwalimu akikukosoa, upo. Anaweza kukuita ng'ombe, kiti, bibi harusi mlevi, na wewe utakwenda bwenini ukitabasamu, kwani amekuona. Asipokusemesha wiki nzima, anza kufunga sanduku. Rimma alikuwa mkarimu kwa maneno yake. Alitembea kwa mwendo wa muziki, mkono ukitangulia, ulimi ukifuata, macho yakifika mwisho kwa sababu hayakuhitajika.

"Bega. Shingo, wewe si kasa. Goti. Glafira, funga mdomo, hatuchezi kwa meno. Ustinya, mbavu. Na wewe, umekalia nyonga, vuta juu."

Na chini ya kiganja chake kiuno kikavuta juu.

Akageuka. Mbele yake palikuwa na dirisha, na ng'ambo ya kioo theluji. Kiganja chake kilikuwa kimelowa na baridi. Piano ilikuwa imenyamaza. Wasichana walimtazama kupitia kioo kikubwa cha ukutani, na mmoja akacheka puani, akaacha mwenyewe. Palikuwa na harufu ambayo haikuwa ya jasho wala ya ulimbo wanaopaka viatuni: harufu ya theluji iliyoyeyukia kwenye chuma.

"Feliks Adamovich, nimekwambia uache?"

"Hapana, mama."

"Basi."

Muziki ukaendelea.

Tangu siku hiyo Feliks alianza kulalamika. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kikohozi na sweta moja, na masikio ambayo wanamuziki wachanga walikuja kuyaazima.

"Mmoja anachelewa kutua," alimwambia Rimma wakati wasichana wanapumzika. "Wanaruka wote, wanatua wote, pu. Halafu mwingine anatua peke yake. Polepole sana. Kama paka."

"Umekunywa nini asubuhi?"

"Chai. Kwa bahati mbaya."

"Mmoja ana mguu mzito."

"Nimekwambia kama paka, Rimma, sikusema kama ng'ombe. Aliye mzito hutangulia kutua." Akashusha sauti. "Bibi yangu angesema ni mwenye nyumba, yule pepo anayekaa na watu. Angemwekea maziwa."

Na kweli akaweka kisahani cha maziwa chini ya dirisha, kwa mzaha, au kwa kile watu wa Zaborsk wanachokiita mzaha. Kesho yake maziwa yalikuwa vilevile, yameota ngozi.

"Hakunywa," alisema Feliks. "Analinda uzito."

Rimma alicheka. Kisha akaona kwamba Feliks hakucheka, akaanza kumshuku yeye pia.

Theluji ilianza kuwa matope ndipo Ustinya akawa mchezaji.

Hakuimarika kidogo kidogo kama watoto wanavyoimarika, leo hatua mbele, kesho mbili nyuma. Jumatatu alikuwa Gunia. Alhamisi mguu wake ulipanda nyuma yake taratibu, ukapita kiuno, ukapita bega, ukasimama hapo kama kitu kilichotundikwa, na uso wake ukiwa mtulivu kabisa. Rimma alijisikia moyo ukimruka kwa furaha, na papo hapo akajiuliza nani kafanya hivi.

Jibu la kwanza lilikuwa Alevtina Prokhorovna, mwalimu wa darasa la jirani, aliyekuwa na tabia ya kuwanyemelea watoto wa wenzake, kuwafundisha kisiri, kisha kujitangaza kwamba ndiye aliyewagundua. Rimma alimkuta kwenye chumba cha kulia, mbele ya uji wa ngano nyeusi.

"Unamfundisha Ustinya wangu."

"Nani? Gunia?" Alevtina aliweka kijiko. "Shoga, ningekuwa namfundisha yule, wangenichora kwenye ukuta wa kanisa pamoja na watakatifu."

"Anakwenda wapi jioni?"

"Muulize yeye. Mimi nilimwona juzi, giza limeshaingia, yuko peke yake darasani kwako, taa zimezimwa. Anashika ufito. Nikamwambia nenda kalale. Hakunigeukia." Alevtina akachukua kijiko tena lakini hakula. "Nikwambie kitu? Usinicheke. Nilisikia pumzi za watu wawili."

"Ulifanya nini?"

"Nilikwenda kulala mimi."

Jibu la pili lilikuwa vidonge. Siku moja, wasichana walipokwenda kuoga, Rimma alimbakisha Ustinya kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo.

"Vua viatu."

"Niko sawa, Rimma Gavrilovna."

"Sijakuuliza uko vipi. Vua."

Kiatu kilitoka kwa kunata. Kitambaa cha ndani kilikuwa chekundu hadi kisigino, na kucha ya kidole gumba ilibaki ndani ya kiatu. Mtoto aliutazama mguu wake jinsi mtu anavyotazama mzigo wa abiria mwenzake.

"Hauumi?"

"Zamani ulikuwa unauma."

"Umemeza nini?"

"Sijameza kitu. Ukitaka nipekue."

"Nilishakupekua. Juzi."

Ustinya karibu atabasamu. Nje maji ya bomba la kuogea yalikuwa yakimwagika, wenzake wakicheka. Akasogea karibu, na sauti yake ikashuka hadi Rimma akalazimika kuinama.

"Ni yule wa dirishani. Ulimwambia avute juu, akavuta. Akakaa anangoja umwambie tena. Siku nyingi. Hukumwambia. Sasa akaniuliza kama anaweza kusimama mahali pangu, maana mimi unanisemesha."

"Akakuuliza kwa mdomo?"

"Kwa miguu. Nilisikia baridi inapanda."

"Nawe ukajibuje?"

"Mimi naitwa Gunia, Rimma Gavrilovna. Ungejibuje?"

Rimma alichukua pamba akaanza kuusafisha ule mguu. Ulikuwa wa baridi kama samaki. Alibonyeza mahali palipochunika, kwa nguvu, makusudi, na mtoto hakupepesa.

"Mwambie atoke."

"Atoke aende wapi? Hana miguu yake." Kisha, kwa ukaidi wa mtoto wa kawaida kabisa: "Na mimi sitaki atoke. Mwezi wa tano nabaki shuleni. Baba keshawaambia watu."

"Mwezi wa tano utakuwa huna nyonga. Unajua nyonga ikipasuka inakuwaje? Utatembea na fimbo kabla ya bibi yako."

"Bibi yangu anatembea vizuri."

"Nitakurudisha kwenu kesho."

"Nirudishe. Tutakwenda wote wawili."

Usiku ule, kwa mara ya kwanza, Rimma alijiruhusu kuliita kwa jina lake. Jini. Alikuwa na shahada, tena mbili, na alilitamka jikoni kwake akiwa amesimama, kwa sauti, ili aone litasikikaje. Lilisikika kama jambo la kawaida, na hilo ndilo lililomtisha. Halikuingia kwa uchawi wa mtu yeyote. Liliingia kwa sababu yeye alilisemesha, na kumsemesha mtu mahali pale pa kazi ni kumpokea.

Alikwenda kwa mkurugenzi, Kasyan Lvovich, mtu wa suti nzuri aliyewahi kuwa mwana wa mfalme jukwaani na hakuambiwa kwamba imekwisha.

"Rimma, mpenzi," alisema, "walimu wote wanakuja kulia hapa kwamba mtoto hana kitu. Wewe ni wa kwanza kuja kulia kwamba anacho."

"Hasikii maumivu, Kasyan Lvovich."

"Natamani wote wangekuwa hivyo. Waziri anakuja kutazama mtihani. Yule mtoto asimame katikati."

Lakini wasichana walikwisha waandikia mama zao, na mama zao waliandikiana, na mkurugenzi, aliyeogopa mama kuliko majini, akamleta mtaalamu. Alikuwa Madam Izolda wa kwenye televisheni, mwenye vikuku hadi kiwiko na msaidizi wa kumbebea koti. Akataka vioo vyote vifunikwe kwa mashuka. Akazunguka na mshumaa akinong'ona maneno ambayo Feliks, aliyesoma seminari kidogo, aliyatambua kuwa ni majina ya dawa za kifua kwa Kilatini.

"Amekwenda," alitangaza Madam Izolda. "Nyumba safi."

Mwali wa mshumaa ukalala upande, kama mtu amepita karibu. Chini ya shuka lililofunika kioo, kwa urefu wa uso wa msichana, pakatokea mbonyeo: paji, pua, mdomo. Kitu kilikuwa kimesimama kati ya shuka na kioo, kikijitafuta.

Mkurugenzi alikuwa anaangalia saa na hakuona. Izolda aliona. Alitoka taratibu, na kwenye ngazi akamshika Rimma mkono.

"Dada, mimi sijawahi kuona kitu maishani mwangu. Ni kazi tu, nina watoto wawili. Leo nimeona. Msiniite tena."

"Nifanye nini?"

"Sijui. Linakutafuta wewe. Lilikugeukia wewe."

Rimma aliamua kulinyima. Alimweka Ustinya katikati kama alivyoamriwa, na asimwambie neno. Wengine aliwapa yao, bega, shingo, goti, yeye akampita kama nguzo. Aliona hiyo ndiyo njia pekee: likikosa kusemeshwa, litachoka, litaondoka kama wanavyoondoka wote wasiosemeshwa.

Halikuondoka. Lilianza kujitahidi.

Rimma alipomwambia Glafira anyooshe goti, goti lililonyooka lilikuwa la Ustinya, likanyooka kupita lilivyoumbwa, likapinda kwa nyuma. Alipomwambia mwingine apandishe mguu, mguu uliopanda ulikuwa wa Ustinya, ukapanda, ukapanda, na katikati ya muziki wasichana wote wakasikia mlio mdogo kutoka ndani ya nyama, kama ukuni mbichi motoni, na Ustinya akiwa anatazama mbele kwa uso ule ule wa utulivu, ila machozi yalikuwa yanashuka, na hakuonekana kujua ni ya nani. Harufu ya chuma na theluji, ingawa nje kulikuwa na majani tayari, ilijaa hadi Feliks akafungua dirisha.

"Mseme kitu," alinong'ona Feliks juu ya piano. "Mseme, Rimma, atamvunja mtoto."

"Nikimsema nitamlisha."

"Na usipomsema anakula mwenyewe."

Mtihani ukafika. Darasa lilisuguliwa, sakafu ikamwagiliwa, na chini ya kioo ikawekwa meza ndefu yenye kitambaa cha kijani na chupa za maji. Waziri alikaa katikati, mkurugenzi kuliani kwake, walimu pembeni, Rimma mwisho kabisa. Baba yake Ustinya, mtu mpana mwenye tai ya kuazima, aliruhusiwa kusimama mlangoni. Alikuwa amesafiri kwa treni siku nzima akiwa na debe la beri, matunda ya msituni, kwa ajili ya walimu, na alilishikilia kama mtoto mchanga.

Ustinya alicheza peke yake mwisho. Wajumbe wa mtihani waliacha kuandika. Waziri, ambaye alikuwa akisoma simu chini ya meza, aliiweka. Alevtina alifunika mdomo. Mtoto alizunguka juu ya ncha ya mguu mmoja, mguu mwingine ukimsukuma kama kasia, akazunguka hadi muziki ukafika mwisho, na muziki ulipofika mwisho, akaendelea.

Watu wakapiga makofi. Akaendelea. Makofi yakapungua, yakawa ya mmoja mmoja, yakaisha, na sasa palisikika kiatu tu kikisaga ubao, na pumzi, za watu wawili kama alivyosema Alevtina, moja ya mtoto anayekatika roho na nyingine ndefu, tulivu, isiyochoka, na kila uso ule ulipozunguka ulisimama kidogo mbele ya meza, si mbele ya waziri, si mbele ya mkurugenzi, bali mbele ya kiti cha mwisho, ukimtazama Rimma kwa macho yaliyotulia ya mtu aliyemaliza kazi yake na anangoja kuambiwa, kisha ukazunguka tena ukamrudia, ukangoja, ukazunguka, na chini ya kiatu mbao zilizolowa zilianza kuchorwa duara jekundu ambalo waziri, Mungu amsaidie, alidhani ni sehemu ya mchezo.

Mlangoni beri zilimwagika.

"Mama," alisema yule baba, kwa sauti ndogo ambayo haikufanana na mwili wake, akimwambia Rimma kwa sababu hakumjua mwingine. "Mama, mwanangu hawezi kusimama."

Rimma alisimama. Mkurugenzi alimshika mkono, naye akaupangua kama nzi. Alikwenda hadi katikati ya sakafu, akasubiri mzunguko, akaweka kiganja chake mgongoni mwa mtoto, mahali palepale pa kiuno. Baridi ilimpanda hadi kwapani.

Alikwisha jua atasema nini. Alijua tangu ngazini na Izolda, ila alikuwa akitafuta jibu lingine, kama mtu anayetafuta miwani akiwa ameivaa. Mwanafunzi haondoki kwa mwalimu kwa kufukuzwa na wageni. Anaondoka akipewa mahali pengine pa kusimama.

"Huyu hakutoshi," alisema kwa sauti ya chini, ile ya darasani. "Nyonga zake ndogo, utazimaliza na bado hujafika popote. Mwache. Njoo kwangu. Mimi nitakukosoa kila siku, mpaka nife."

Pumzi moja ikakatika.

Ustinya alianguka kama gunia, kweli. Kisha akaushika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili akalia. Alilia kwa sauti mbaya, ya koo, isiyo na uzuri wowote: mguu wangu, baba, mguu wangu unauma. Rimma alikuwa amepiga magoti kando yake, na hakuwahi kusikia sauti iliyomfurahisha kama ile.

Daktari alisema nyonga imechanika lakini itaunga. Wajumbe waliandika kwamba hafai kuendelea. Mkurugenzi hakumsalimia Rimma tena kwenye korido. Na Ustinya, alipobebwa hadi kwenye teksi, mguu umefungwa plasta, aligeuza uso.

"Nani alikwambia nilitaka atoke?" alisema. "Ulimtaka wewe mwenyewe. Siku zote ulimtaka."

Rimma alikuwa anafikiria jambo hilohilo.

Ustinya alipiga simu Oktoba. Rimma alikuwa jikoni, viazi vinachemka.

"Ni mimi, Rimma Gavrilovna. Ustinya."

"Nakujua kwa pumzi. Unatembea?"

"Natembea. Nachechemea nikichelewa shule tu, mwalimu wa hesabu ananihurumia." Nyuma yake palikuwa na mbwa na watu wanaobishana juu ya trekta. "Nafundisha watoto wadogo kwenye ukumbi wa kijiji. Wabovu sana. Wazuri, lakini wabovu." Akamfukuza mbwa. "Jana nilivaa viatu vipya vikanichubua. Nililia. Baba akasema mbona unacheka huku unalia. Nilitaka kukwambia tu. Na kwamba nilisema vibaya siku ile."

"Ulisema kama mtoto. Paka mafuta ya mgando, usitoboe."

"Na wewe hujambo? Yule... aliondoka?"

"Nani? Aliondoka zamani," alisema Rimma. "Kula vizuri. Msalimie baba yako."

Simu ikakatika. Akaiweka mezani polepole, asipoteze usawa. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja tangu ilipoanza kulia, na mguu wa pili ulikuwa nyuma yake, juu ya bega lake, umenyooka kwa uzuri ambao hakuupata hata katika ujana wake, ukitetemeka kidogo kwenye kidole. Hakuna kilichouma. Kwenye kioo cheusi cha dirisha alijiona, mwanamke wa makamo mwenye aproni, akajiona mzuri, akaona aibu.

Akajaribu kuushusha. Haukushuka.

Viazi vilianza kuungua. Alijua linangoja nini, na alijua kwamba kila akilipa neno la kulikosoa, kesho linakuja na njaa zaidi. Akauma meno, akakaa kimya kadiri alivyoweza.